Maji ya Ubuyu na Uzito wa Moyo

Tuanzie Yaeda Chini, katika wilaya ya Mbulu. Huko, wakati wa kiangazi, jua ni kali na maji ni haba, lakini mibuyu ina matunda. Wahadzabe, ambao tangu kale wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma matunda, huyapasua mabuyu, huuponda ubuyu juu ya jiwe, kisha huukoroga katika maji. Kinywaji chake ni kizito na kichachu kidogo, nacho humburudisha aliyechoka na njia.

Je, chaondoa huzuni? Hatusemi hivyo. Aliyefiwa hatafarijiwa na kata ya ubuyu. Lakini uko uzito wa moyo utokao mwilini. Mtu akipungukiwa maji, hata kidogo tu, kichwa humwuma, mawazo hutawanyika, na hasira huwa karibu. Tena ubuyu una vitamini C nyingi, uzani kwa uzani kulipita chungwa mara kadhaa (ingawa ubuyu ni mkavu, na chungwa limejaa maji). Aliyeikosa vitamini hiyo kwa muda mrefu hushikwa na kiseyeye. Na kabla fizi hazijatoka damu, huwa mchovu na mnyonge wa moyo. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwagawia mabaharia 12 wenye kiseyeye dawa sita mbalimbali, wawili wawili. Waliopona upesi kupita wote ni wale wawili waliopewa machungwa na malimau.

Hapa sisi walimu tuna deni. Mara ngapi tumemwita mvivu mtoto aliyetembea mwendo mrefu bila kunywa kitu, na ilipofika saa nane amenuna wala hajibu swali? Fimbo haizimi kiu.

Basi maji yachemshwe kwanza, yapoe kabisa, ndipo ubuyu utiwe, maana moto huharibu vitamini. Sukari iwe kidogo. Ikizidi haiongezi furaha kama wengi wadhanivyo, nayo huharibu meno. Wala kinywaji kisiwekwe siku nyingi hata kikageuka kileo, kwani kileo huchangamsha jioni na kulipisha asubuhi. Mbegu nazo zisitupwe: Wahadzabe huzitwanga wakazila, maana zina mafuta mengi.