Pipa la kuku wa moshi: uliza kwanza lilibeba nini

Wadau, mimi nauza kuku wa moshi kwa oda, na jiko langu ni pipa la chuma la lita 200. Kabla hujalipia pipa la mtumba, uliza lilibeba nini. Mafuta ya kula? Chukua. Kemikali? Achana nalo. La petroli usimpe fundi akate, mvuke uliobaki unalipuka.

Muundo: tundu la hewa chini, wavu katikati, bomba la moshi juu. Wavu wa banda la kuku usiweke, umepakwa zinki, ikiungua inatoa moshi wa sumu. Choma pipa tupu kwa moto mkali mpaka rangi iishe, ndiyo upike.

Mteja wa mtandaoni haoni jiko lako. Anakuamini tu.