Nani Ataliangalia Jicho Wageni Wakiondoka?

Makanisa ya ng'ambo yanapoandaa safari ya kutibu macho ukanda wa Ziwa Victoria, kwa kawaida maandalizi huanza na mizigo: lenzi bandia, dawa za matone, miwani ya kugawa. Kwangu mimi, maandalizi yenye uzito hufanyika Mwanza, na hutangulia mizigo. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikuu cha upofu, hupasuliwa kwa dakika chache; kesho yake bandeji hufunguliwa, mgonjwa akamwona mjukuu wake, picha zikapigwa. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Matone yatatumika kwa takriban mwezi mzima. Usaha ukiingia ndani ya jicho siku chache baadaye, jicho laweza kufa lisipotibiwa haraka. Kuna pia utando unaoota nyuma ya lenzi baada ya miezi au miaka, na huo huondolewa kwa leza. Bibi wa kisiwa cha Ukara ambaye jicho limemgeukia usiku atavuka hadi Bugolora kisiwani Ukerewe, aende Nansio, ndipo apande meli ya Mwanza. Kwa nauli ya nani, na akifika amwone nani?

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, wanaobaki na uoni chini ya 6/60 (yaani wasioweza kuona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60) wasizidi asilimia 5. Hesabu hiyo haipatikani bila mtu wa kuwapima wagonjwa tena wiki kadhaa baadaye. Timu inayoondoka siku ya kumi hujua idadi ya macho iliyoyapasua, lakini haijui mangapi yanaona.

Kuna watakaosema kwamba mwenye njaa haambiwi asubiri mavuno, na madaktari bingwa wa macho nchini ni wachache. Ni kweli, na kipofu aliyeongozwa kwa fimbo miaka mitano hana sababu ya kushabikia nadharia zangu. Ila uchache huo haupungui kwa ziara. Hupungua mgeni anapompasua mmoja huku akimfundisha mwenyeji kumpasua wa pili. Historia ya misheni yenyewe inasema hivyo. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilifunguliwa 1971, ikataifishwa 1972, ikarudishwa 1985, na tangu 2003 chuo kilichoanzia hapo kinafundisha madaktari. Kule Mvumi, Dodoma, daktari wa macho Allen Foster alikaa miaka katika hospitali ya Kianglikana, na utafiti aliouchapisha na Alfred Sommer mwaka 1987 ulionyesha jinsi surua ilivyokuwa ikiwapofusha watoto wa Tanzania. Chanjo na vitamini A viliokoa macho ambayo kisu kisingeyaokoa kamwe. Mgeni wa wiki mbili angeyaonaje hayo?

Mengine ni ya kawaida, ingawa husahaulika: kibali cha muda cha Baraza la Madaktari Tanganyika, ruhusa ya dawa kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mkalimani wa Kisukuma au Kikerewe, maana mgonjwa huchomwa ganzi ya jicho tu, yu macho, na akiambiwa “usisogee” kwa Kiingereza atageuka kuuliza. Mahubiri nayo yasiwe tiketi ya kuingia kwenye foleni. Timu ambayo haijakubaliana na idara ya macho ya Bugando au ya hospitali ya Sekou Toure juu ya nani atabaki na wagonjwa, afadhali iahirishe safari, na fedha ya tiketi za ndege imsomeshe muuguzi wa macho wa Ukerewe.