Moyo wa Mtoto na Moyo wa Mwalimu

Leo twataka kuzungumza habari za shule, lakini si habari za kalamu wala madawati. Twataka kuzungumza habari za moyo: moyo wa mtoto anayefundishwa, na moyo wa mwalimu anayemfundisha. Maneno yetu yawaelekea hasa wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ingawa kila mtu mwenye shule karibu naye aweza kuyatumia.

Watu wa Nachingwea wazijua habari za mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka mapori ya Kongwa, na baadaye ya Urambo na Nachingwea, ili ipate karanga nyingi sana. Mashine zikaletwa, fedha zikamwagwa, reli ikajengwa. Lakini wenye mpango hawakuipima vyema ardhi wala kuichunguza mvua kabla ya kuanza, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Mkulima yeyote aweza kulitaja kosa lao: walitaka mavuno kabla ya kuujua udongo. Basi, kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu bila kuujua moyo wake ni kazi ya namna hiyo hiyo.

Tumtazame mtoto aingiaye darasa la kwanza. Pengine nyumbani husema Kimwera, Kimakonde au Kiyao, na sasa asikia Kiswahili tangu asubuhi. Pengine wazazi wake wamehamia shambani msimu wa korosho, naye amebaki kwa bibi. Pengine ametembea mwendo mrefu bila kutia kitu kinywani. Mtoto huyu akiulizwa swali akanyamaza, si lazima awe mjinga. Hofu inapomwingia mtu, moyo humpiga mbio, na akili yake yote huelekea kwenye kile anachokiogopa. Hapo nafasi ya kukumbuka herufi na hesabu huwa ndogo sana. Ndiyo maana mtoto aliyelijua jibu jana jioni hulisahau asubuhi mbele ya fimbo.

Watu wengi hudhani kwamba tabia ya moyo huzaliwa na mtu, wala haifundishwi. Sivyo. Kuzitambua hisia zako na kuzitaja, kuitawala hasira, kumhurumia mwenzako, kushirikiana naye na kupatana naye baada ya ugomvi, haya yote hujifunzwa kama kusoma kunavyojifunzwa, kidogo kidogo na kwa mazoezi. Wazee wetu walilijua jambo hili. Hadithi za jioni zilimfundisha mtoto kusikiliza. Vitendawili vilimzoeza kushindwa bila kukasirika. Michezo ya mbalamwezi ilimfundisha kungoja zamu yake.

Mwalimu naye aweza kuyafanya hayo bila gharama. Awapokee watoto mlangoni na kumwita kila mmoja kwa jina lake. Kabla ya somo, awape nafasi ya kusema wameamkaje, na asiyekijua Kiswahili vizuri asaidiwe na mwenzake. Wawili wakigombana, asikimbilie kuwaadhibu. Kwanza kila mmoja aeleze lililomuumiza, kisha wote wawili watafute njia ya kulitengeneza. Na sheria za darasa zitungwe pamoja na watoto, maana mtu hulishika zaidi neno alilolikubali mwenyewe.

Lakini hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Mwalimu aliyechoka moyo hawezi kutuliza moyo wa mtu mwingine. Tangu mwaka 2016, elimu ilipotolewa bila ada tangu shule ya msingi hata kidato cha nne, watoto walioandikishwa waliongezeka sana, na madarasa mengi yakajaa. Mwalimu kijana aweza kupangiwa kijiji cha Ruangwa naye kwao ni Kagera au Mara. Hana ndugu hapo, nyumba ni ya kupanga, madaftari ya kusahihisha ni mengi, na mvua za masika zikinyesha njia haipitiki. Mtu wa namna hiyo akianza kukosa usingizi, kukasirika upesi, au kuikimbia kazi, yatupasa kuzitambua dalili hizo kuwa ni za uchovu kabla ya kuziita uvivu.

Serikali ya Tanzania iliweka mipaka juu ya viboko katika kanuni za mwaka 2002: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mtu aliyeidhinishwa naye, na viandikwe katika daftari. Hata hivyo kanuni peke yake haibadili desturi. Tutazame mambo mawili yaliyojaribiwa.

Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilichunguzwa kati ya mwaka 2012 na 2014. Nusu yake zilifuata mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala, ambao huwashirikisha walimu, wanafunzi, wakuu wa shule na wazazi pamoja. Mwishoni, katika shule zisizoupata mpango huo, karibu nusu ya wanafunzi walisema wamepigwa na watu wa shule katika juma moja lililopita. Katika shule zilizoupata, waliosema hivyo hawakufika theluthi moja.

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mpango mwingine ulijaribiwa katika shule 27 kati ya mwaka 2018 na 2020. Huo uliwaelekea walimu, wakikutana katika vikundi kujifunza kuitawala hasira na kuliongoza darasa. Mwishoni haukuonekana kupunguza kipigo. Hali za kambini si hali za Luwero, wala hatusemi kwamba mafunzo ya walimu hayafai. Lakini sisi twaona funzo hapa: mzigo huu ni mzito mno kumwekea mwalimu peke yake kichwani.

Basi kijiji kifanye nini? Mwalimu mgeni akifika, wazee wampokee na kumtafutia nyumba yenye maji karibu. Mzazi mwenye lalamiko aende kwake kwa adabu, asimtangaze dukani. Mwalimu mkuu naye awakutanishe walimu wake mara moja kwa juma, si kwa ajili ya kukaguana, bali kila mmoja aseme lililomlemea, na wenzake wamsaidie. Akifanya vema, aambiwe. Na mzazi anaporudi kutoka shambani, amwulize mtoto, “Leo umefurahi kwa nini, na umeumia kwa nini?” kabla ya kumwuliza amepata ngapi.

Ninyi wanafunzi nanyi mna sehemu yenu. Mwenzenu akilia, msimcheke. Na asubuhi mkimsalimu mwalimu, msalimuni kwa moyo, kwa kuwa huenda salamu yenu ndiyo ya kwanza kuisikia siku hiyo.