Kuku Mmoja kwa Watu Tisa

Mama msomaji, hebu tuseme kweli. Kuku mmoja akichinjwa nyumbani mwako, nani hula nini? Jibu nalijua, maana kwetu ndivyo ilivyokuwa. Firigisi ni ya baba. Mapaja ni ya baba na mgeni. Kidari hukatwa vipande, wakapewa wavulana wakubwa. Watoto wadogo hupata vipapatio na shingo. Na mama mwenyewe, aliyemkimbiza kuku huyo uani, akamnyonyoa na kumpika, hubaki na miguu na mchuzi uliosalia chini ya sufuria. Kwa Waluhya wa Kenya firigisi ina heshima yake kubwa, ni ya mwenye nyumba. Katika Buganda ya zamani mwanamke hakuonja kuku kabisa, wala yai.

Simwambii mtu atupe mila za wazee wake. Lakini penye watu tisa na kuku mmoja, yafaa kujua kupika chakula ambacho ndani yake hamna paja wala shingo, kwa sababu nyama yote imechambuliwa na kuchanganywa, na kila bakuli hupata sawasawa na jirani yake. Chakula hicho ni supu nzito ya kuku na mahindi mabichi, iliyotiwa maziwa. Wamarekani, ambao ndio wenye nayo, huiita chauda.

Usidhani kwamba ni chakula cha mabwana wakubwa. Chauda ilianza kwa wavuvi wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani na Kanada, na wengi hudhani kuwa jina lake latokana na neno la Kifaransa la chungu kikubwa cha kupikia. Wavuvi hao walipanga samaki, vitunguu, nyama ya nguruwe ya chumvi na biskuti ngumu za melini, tabaka juu ya tabaka, wakaacha vitokote polepole. Gazeti moja la Boston lilichapa mapishi yake mwaka 1751, tena kwa mashairi! (Mhariri wetu asiogope, mimi nitaandika kwa maneno ya kawaida.) Viazi na maziwa vilikuja baadaye. Tena mahindi yalipokuwa mengi kuliko samaki, mahindi yakashika mahali pa samaki. Bibi Fannie Farmer, mwalimu mashuhuri wa upishi katika mji huo wa Boston, alieleza chauda ya mahindi katika kitabu chake cha mwaka 1896, naye alitumia mahindi ya kopo, viazi, kitunguu, siagi na maziwa. Na huko Pennsylvania, watu wenye asili ya Kijerumani wana supu yao ya kuku na mahindi, isiyo na maziwa. Makanisa na vikosi vya zimamoto huipika katika masufuria makubwa na kuiuza ili kupata fedha za kazi zao.

Mahindi yenyewe pia ni ya upande huo wa dunia. Jina lake la Kiswahili hutudanganya, kana kwamba yalitoka Bara Hindi, kumbe watu wa Mexico ndio walioyalima kwanza, maelfu ya miaka iliyopita, na Wareno wakayaleta Afrika katika karne ya 16. Basi ukiipika supu hii hutakuwa umeazima chakula cha mtu asiyekuhusu. Mahindi unayo, kuku unaye.

Kitu kimoja ndicho huwakatisha tamaa akina mama. Vitabu vya Wamarekani vya siku hizi hutaka malai, yaani ule utando mzito wa juu ya maziwa, tena vikombe na vikombe. Nani kati yetu ana malai ya kumwaga hivyo? Mimi mwenyewe niliacha kuijaribu kwa sababu hiyo, mpaka mwalimu mmoja wa Kimarekani aliyekaa jirani nasi aliponionyesha kwamba uzito wa supu hautoki katika malai, bali hutoka katika mahindi yenyewe. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, mengine ni maelezo tu.

Tuanze na kuku. Chagua yule mzee aliyekoma kutaga. Nyama yake ni ngumu, ndiyo, lakini mchuzi wake una nguvu ambayo kuku wa kisasa wa wiki sita hana. Mkate vipande vinne au sita, mtie katika sufuria kubwa pamoja na shingo, miguu iliyomenywa na firigisi iliyosafishwa. Mimina lita tatu za maji baridi, tia kitunguu kizima, karoti moja, punje chache za pilipili manga, na chumvi kidogo tu. Yakianza kuchemka, engua povu lote. Kisha punguza moto, ondoa kuni au funika makaa kwa majivu, hata maji yawe yanatetemeka tu. Kuku mzee ataka saa mbili na nusu au tatu za namna hiyo. Ukimchochea kwa moto mkali nyama itakuwa kama kamba, na mchuzi utakuwa na ukungu. Ikiwa huna ila kuku wa kisasa, saa moja yatosha, ila uhakikishe kwamba karibu na mfupa hapatoki maji mekundu. Ubao na kisu kilichokata kuku mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kugusa kitu kingine.

Wakati kuku akiwa motoni, shika mahindi. Sita yatosha. Hapa uwe mwangalifu, maana hapa ndipo supu hufaulu au huharibika. Bonyeza punje kwa ukucha. Yakitoka maji matupu, hayajawa tayari. Punje ikiwa kama unga uliokandwa, mahindi hayo yamepita, uyachome tu. Yakitoka maziwa meupe, ndiyo hayo. Tena yapike siku ile ile yalipovunjwa shambani, kwa kuwa mara yanapotoka kwenye bua utamu wake huanza kugeuka kuwa wanga. Ukiyalaza siku mbili umelaza utamu wote. Mahindi matamu ya kizungu huvumilia zaidi, na ukiyapata ni mazuri, lakini mahindi yetu ya kawaida yana wanga zaidi, na kwa supu nzito hilo ni faida.

Simamisha hindi juu ya sinia, ulikate punje zake kwa kisu kikali kuanzia juu kwenda chini, lakini usikate mpaka mzizi. Acha kama theluthi moja ya punje ikibaki kwenye gunzi. Kisha geuza kisu, na kwa mgongo wake kwangua gunzi kwa nguvu pande zote. Utaona uji mweupe, mzito, unatiririka sinia zima. Hiyo, mama, ndiyo malai yako! Ikusanye yote katika bakuli la peke yake, usiichanganye na punje. Nayo magunzi usiyatupe. Yavunje vipande viwili viwili uyatie katika sufuria ya kuku kwa nusu saa ya mwisho, nayo yatatoa utamu ambao hutaupata kwa kitu kingine chochote.

Kuku akiiva hata nyama yaachana na mfupa yenyewe, mtoe, chuja mchuzi, weka kando. Utabaki na mchuzi wa kama lita mbili. Nyama ikipoa, ichambue kwa vidole safi. Usiifanye kazi hii kwa haraka wala usimpe mtoto. Kuku mzee ana vifupa vyembamba shingoni na mbavuni, na kifupa kimoja katika koo la mtoto mdogo si jambo la mchezo. Pitisha kila kipande kati ya vidole. Firigisi ikate ndogo kama punje za mahindi.

Sasa tia vijiko viwili vya siagi au samli katika sufuria kavu, kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa ndogo mpaka kilegee, bila kugeuka rangi. Nyunyiza kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano, koroga dakika mbili ili ladha ya ubichi itoke. Kisha ongeza mchuzi upawa mmoja mmoja, ukikoroga, hata uishe wote. Tia viazi vinne vilivyokatwa vipande vidogo. Baada ya dakika kumi tia zile punje. Mahindi yetu yataka kama robo saa, yale matamu yataka dakika tano tu. Viazi vikiiva, ponda vichache kwa mwiko pembeni mwa sufuria. Kisha mimina ule uji wa mahindi. Hapo usiondoke! Supu itaanza kuwa nzito mara moja na itashika chini ukiiacha kidogo tu. Koroga dakika tano au zaidi kidogo, tia nyama.

Maziwa huja mwisho. Mara ya kwanza nilipoipika peke yangu nilijiona fundi. Nilitia nyanya mbili ili kuipa rangi, nikamimina maziwa baridi moja kwa moja katika supu iliyokuwa ikitokota kwa kishindo. Wageni walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Supu ikakatika mbele ya macho yangu, ikawa maji ya njano na mabonge meupe yanaelea, kama mtindi uliomwagikiwa na mchuzi. Tuliila, kwa kuwa haikuwa na sumu, lakini hakuna aliyeomba kuongezwa, nami nilikaa jikoni muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa.

Basi wewe usipite njia ile. Nyanya na ndimu ziache kabisa, kwa maana ukali wake hukata maziwa. Chemsha lita moja ya maziwa katika sufuria nyingine. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe au kwa muuzaji wa njiani sharti yachemke kweli kweli, kwa ajili ya homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe, ambavyo huja kwa maziwa mabichi. Yakiwa bado moto, changanya ndani yake pawa mbili za supu, koroga, ndipo uyarudishe yote katika sufuria kubwa iliyokwisha kuondolewa kwenye moto mkali. Iwe moto sana, lakini isitokote tena. Maziwa ya kopo yasiyo na sukari hufaa, na ya unga pia, ukiyakoroga vizuri.

Wenzetu wa pwani mnaweza kuweka tui la nazi mahali pa maziwa, na sitashangaa mkisema kuwa yenu ni bora, kwa kuwa watu waliozoea kuku wa kupaka hawahitaji kufundishwa ndoa ya kuku na nazi. Tui jepesi litiwe pamoja na mchuzi, tui zito la kwanza litiwe mwisho, mkikoroga bila kuacha, maana nalo hukatika likichemshwa ovyo.

Onja chumvi sasa, si kabla. Pilipili manga kidogo ya kusaga juu yake, na majani ya kitunguu yaliyokatwa kama unayo. Wamarekani huila kwa biskuti za chumvi; mkate au chapati ni sawa kabisa, na viazi vilivyomo vyatosha hata pasipokuwa na kingine. Mahindi peke yake hayamjengi mtoto vya kutosha, maana protini yake ina upungufu, lakini nyama na maziwa hujaza mahali hapo palipopungua. Mtoto aliyeanza kula mpondee vizuri, umtolee sehemu yake kabla ya chumvi na pilipili.

Ukijua kwamba itabaki, tenga sehemu ya kesho kabla ya kutia maziwa, uipoze upesi katika karai la maji baridi na kuiweka kwenye friji. Kesho uichemshe sana, ndipo utie maziwa ya moto. Kama huna friji, usibakize. Supu ya kuku na maziwa hailali jikoni katika nchi ya joto. Alika jirani. Magunzi yaliyochemshwa yaanike juani, yatawasha moto wa wiki ijayo.

Utauliza juu ya firigisi. Siku ya kwanza baba watoto aligeuza geuza bakuli lake kwa kijiko, akitafuta, bila kusema neno. Nikamwambia imo, ila imekatwa ndogo, na huenda iko katika bakuli la kitinda mimba. Akamtazama yule mtoto, aliyekuwa na supu mpaka masikioni, akacheka, akanisogezea bakuli lake nimwongezee.