Kongo Mbele ya Seneti ya Marekani (Sehemu ya Nne): Wakili wa Leopold na Watu wa Bisie

Tarehe 4 Desemba 2025, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walitia sahihi mapatano yao ya amani mjini Washington mbele ya Rais Donald Trump. Siku hiyohiyo Kinshasa ilifunga na Marekani mkataba wa ubia ambao kiini chake ni madini. Hapa Goma, mji ulio mikononi mwa kundi la AFC/M23 tangu mwisho wa Januari 2025, habari hiyo imejadiliwa kila mahali, kuanzia kwa wamotari wa Birere hadi kwenye meza za walimu. Wengi wanauliza chama kipi cha Marekani kina urafiki na Kongo. Kwa kuwa Wamarekani watapiga kura tena tarehe 3 Novemba 2026, kujaza viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi na karibu theluthi ya Seneti, swali hilo linazidi kushika kasi.

Sehemu zilizotangulia zimekwisha kueleza vyama vyenyewe na namna kura zinavyohesabiwa jimbo kwa jimbo. Leo ni zamu ya wale wasiopigiwa kura na mtu yeyote: makanisa, makampuni, wenye magazeti na mawakili wa kukodiwa. Anayetaka kujua Kongo iliamuliwaje Washington aanze na hao, kwa sababu karibu kila mara vyama viwili vimekuwa upande mmoja, na ugomvi wa kweli umekuwa kati ya makundi.

Mambo yalianza mapema mno. Mwaka 1883 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimtumia Henry Sanford, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani mjini Brussels, kuwashawishi wakubwa wa Marekani wayakubali madai yake juu ya Kongo. Rais wa wakati huo, Chester Arthur, alikuwa wa chama cha Republican. Aliyebeba hoja ndani ya Seneti alikuwa John Tyler Morgan wa Alabama, wa chama cha Democratic, jenerali wa zamani wa majeshi yaliyopigania utumwa, aliyetamani kuona Wamarekani weusi wakihamishwa kutoka Marekani na kupelekwa Kongo. Nia zao zilitofautiana kabisa, lakini tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua bendera ya Leopold. Hakuna mwenyeji wa bonde la Kongo aliyeulizwa.

Miaka 6 baadaye Mmarekani mweusi, George Washington Williams, alifika akajionea mwenyewe, akamwandikia Leopold barua ya wazi na kumpelekea Rais Benjamin Harrison taarifa. Kisha mwaka 1899 mmisionari William Sheppard wa kanisa la Wapresbiteri, mweusi naye, alitumwa kutoka Luebo katika Kasai kwenda kuchunguza uvamizi uliofanywa kwa niaba ya utawala wa Leopold. Katika kambi ya wavamizi alikuta mikono ya watu ikikaushwa juu ya moto. Akaihesabu mmoja mmoja: mikono ya kulia 81. Hesabu hiyo ilifika kwenye mimbari za Marekani, na waumini wakaanza kuwaandikia wabunge wao. Mwaka 1904 tawi la Marekani la Shirika la Mageuzi ya Kongo lilianzishwa, na watu kama Booker T. Washington na Mark Twain wakalipa sauti. Hicho ndicho kikundi cha shinikizo: watu wasiogombea cheo, wanaokusanya ushahidi, wanaoandika barua na kubisha hodi ofisini kwa wenye vyeo hadi wasikilizwe.

Leopold alijibu kwa silaha ileile. Alimkodi wakili wa San Francisco, Henry Kowalsky, kwa mkataba wa mwaka mmoja wa faranga 100,000. Kowalsky alikuwa mtu mnene kupita kiasi, mwenye ugonjwa uliomfanya asinzie hata akiwa kazini, lakini alijua njia za Seneti. Alimnunua mtumishi wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, Thomas Garrett, ili amsaidie kuzima kila azimio la kuitetea Kongo. Wabelgiji walipomchoka na kukataa kuuhuisha mkataba wake, karatasi zake zikaangukia mikononi mwa gazeti la William Randolph Hearst, New York American, ambalo kuanzia tarehe 10 Desemba 1906 lilizichapisha siku baada ya siku: barua, malipo, majina. Garrett akafukuzwa kazi. Seneta Henry Cabot Lodge akaleta azimio la kutaka uchunguzi wa kimataifa, nalo likapunguzwa makali na Nelson Aldrich wa Rhode Island, Seneta wa Republican kama yeye.

Hapo ndipo msomaji wa Goma anapaswa kusimama kidogo. Mwaka huohuo wa 1906 Leopold aligawia matajiri wa Marekani, Thomas Fortune Ryan na ukoo wa Guggenheim, haki za kutafuta madini na kuvuna mpira wa porini. Kampuni ya Forminière ikazaliwa hivyo, na mwaka 1907 almasi ikapatikana Kasai. Mfalme alitoa utajiri wa ardhi ya Kongo ili apate watetezi Washington. Mtu akizijua karatasi za Kowalsky, kisha akasoma kwamba mwaka 2025 usalama na madini vimewekwa kwenye meza moja, hawezi kudai kwamba hili ni jambo geni. Ni aibu kwamba vijana wetu wanamaliza masomo ya sekondari bila kulisikia jina la Kowalsky.

Karne ikapita. Mwaka 2006 Seneta kijana wa Illinois, Barack Obama wa chama cha Democratic, alipitisha sheria ya kuisaidia Kongo akiungwa mkono na Sam Brownback wa Kansas, Republican, mtu wa makanisa. Rais George W. Bush aliitia sahihi Desemba mwaka huo. Kisha mashirika ya utetezi, hasa Enough Project lililoanzishwa 2007, yakapita vyuoni na makanisani yakiwaambia Wamarekani kwamba simu zao zina damu ya Kivu. Brownback na Russ Feingold wa Wisconsin, Democrat, wakabeba hoja hiyo, ikaingizwa kama kifungu cha 1502 katika sheria kubwa ya mabenki ya Dodd-Frank, iliyotiwa sahihi tarehe 21 Julai 2010. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zilitakiwa kueleza kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zake. Huku kwetu wakaiita Sheria ya Obama, na Brownback wa Republican akasahauliwa.

Nia ilikuwa njema, lakini wenye machimbo hawakuwako chumbani. Wakati huo kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie, wilayani Walikale, ilibebwa mgongoni katika magunia ya kilo 50 hivi kupitia msituni hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikaichukua Kilambo, zikitua juu ya barabara ya lami, na kuileta Goma. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Aprili ilipofika, wanunuzi wakubwa wa ng'ambo wakaacha mzigo wowote usio na cheti, na Kivu haikuwa na cheti. Nyumba za ununuzi za Goma zikafungwa, wabebaji wakakosa mizigo, wazazi wakakosa minerval ya shule. Mwaka 2014 wataalamu 70, Wakongo miongoni mwao, waliandika barua ya wazi kulalamikia hilo. Wakati huo sheria ilikuwa na miaka 4.

Wenye viwanda wa Marekani hawakungoja hata miezi 3 baada ya kanuni za sheria hiyo kutolewa Agosti 2012. Chama chao na Chama cha Wafanyabiashara walikwenda mahakamani, na Aprili 2014 mahakama ya rufaa ikasema kulazimisha kampuni itangaze kwamba bidhaa zake hazijaonekana kuwa safi ni kuvunja uhuru wa kusema. Mwaka 2017 wasimamizi wa soko la hisa wakatangaza kwamba sehemu ya kanuni haitafuatiliwa. Kifungu kingali kitabuni.

Ndiyo maana vyama vya ushirika vya wachimbaji wa Masisi na Walikale vinapaswa kupeleka watu wao Washington, wenye karatasi na hesabu kama za Sheppard, kabla mkataba wa Desemba haujapata kanuni zake. Na Kinshasa ichapishe kila mkataba inaofunga na mawakili wa huko. Tangu 1938 sheria ya Marekani inamtaka anayeitumikia serikali ya kigeni kujiandikisha na kuonyesha mkataba na malipo yake, na faili hizo zinasomwa na yeyote mwenye intaneti. Mkongo anayetaka kujua serikali yake inamlipa nani Washington inambidi akaitafute habari hiyo kwa Wizara ya Sheria ya Marekani.

Sehemu ya tano itaeleza namna ya kuzisoma faili hizo.