Uwanja wa Dubai hadi Deira: Safari fupi inayotafuna mtaji

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayekwenda Dubai kufunga mzigo huanza hesabu zake kwenye bei ya tiketi na kumalizia kwenye bei ya bidhaa. Katikati huacha pengo. Ni ile safari ya kutoka uwanja wa ndege hadi mahali atakapolala, ambayo haizidi kilomita 10 kama analala Deira. Kwa kuwa ni fupi, wengi huiona kuwa si kitu. Lakini ndiyo safari ya kwanza inayolipwa kwa fedha za mtaji, na mtu aliyechoka, mwenye mabegi mawili na asiyejua njia, hulipa chochote anachoambiwa.

Njia hii si ngeni kwa Watanzania. Milango ya biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwaka 1992 yaliruhusiwa maduka ya kubadilishia fedha, na dola ikaacha kuwa bidhaa ya kunong'onezana vichochoroni. Tangu hapo vitenge, simu, vipuri vya magari na vipodozi vya Deira vimejaza rafu za Kariakoo, Zanzibar na Mombasa. Hata leo anayepita mitaa ya Naif huko Deira hakosi kusikia Kiswahili, kikisemwa na wageni wa Afrika Mashariki na hata Waarabu wenye asili ya Zanzibar.

Kilichobadilika ni faida. Maduka yanayouza bidhaa za aina moja ni mengi, na mnunuzi wa Kariakoo siku hizi anaijua bei ya Dubai kupitia simu yake. Faida ya kipande kimoja ikiwa ndogo, kila dirham inayopotea njiani inabidi ifidiwe na kipande kingine kilichouzwa.

JENGO GANI?

Swali la kwanza ni jengo la abiria ambalo ndege itashukia. Uwanja wa Dubai una majengo 3. Namba 1 na namba 3 yana vituo vya treni ya metro mlangoni. Namba 2, lililofunguliwa mwaka 1998 na kutumiwa zaidi na ndege za nauli nafuu, liko upande wa pili wa njia za kurukia ndege na halina kituo cha metro. Anayeshukia hapo hubaki na basi au teksi. Kwa hiyo tiketi iliyopungua bei kidogo inaweza kurudisha gharama hiyo nje ya mlango. Jengo huandikwa kwenye tiketi, hivyo hesabu inaweza kufanyika kabla ya kuondoka Dar es Salaam.

Swali la pili ni saa. Dubai iko mbele ya Tanzania kwa saa 1. Metro huanza saa 11 alfajiri na kufungwa saa 6 usiku kwa siku nyingi za wiki. Ijumaa huongezwa hadi saa 7 usiku, na Jumapili huchelewa kuanza hadi saa 2 asubuhi. Ndege ikitua saa 5 na nusu usiku, foleni ya uhamiaji na kusubiri mabegi vinatosha kumkosesha abiria treni ya mwisho. Mtu wa namna hiyo aweke fedha ya teksi kwenye bajeti tangu nyumbani.

METRO: NAFUU, ILA INA MASHARTI

Njia Nyekundu ya metro ilizinduliwa Septemba 9, 2009, na Njia ya Kijani ikafuata Septemba 9, 2011. Kutoka uwanjani, Njia Nyekundu hupita Deira City Centre na Al Rigga, kisha Union. Anayekwenda Naif au uwanja wa Baniyas hubadilisha treni Union na kushuka kituo kimoja mbele, Baniyas Square, kwa Njia ya Kijani.

Nauli hulipwa kwa kadi ya Nol. Kadi ya fedha huuzwa dirham 25, na ndani yake mna dirham 19 za kusafiria; kadi yenyewe basi ni dirham 6. Kwa viwango vilivyowekwa Novemba 2014, safari ya ndani ya kanda moja, kama hii ya uwanjani hadi Deira, ni dirham 3. Kwa lugha ya kihasibu, safari ya kwanza ni dirham 9 na zinazofuata ni dirham 3. Hakuna usafiri mwingine wa kukodi unaokaribia bei hiyo.

Masharti yako kwenye mizigo. Abiria mmoja anaruhusiwa mabegi 2: kubwa lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo lisilozidi 55 kwa 38 kwa 20. Sanduku la kawaida la magurudumu linapita. Mfuko wa shangazi kaja uliojazwa hadi zipu inalia haupiti. Kutafuna bazoka, kula au kunywa ndani ya treni ni faini ya dirham 100. Faini ni hiyo hiyo kwa mwanamume atakayeingia behewa la wanawake na watoto. Faini moja inafuta nauli za safari 33.

Kinachosahaulika zaidi ni mwendo wa kutoka kituoni hadi hotelini. Kati ya Juni na Septemba joto la Dubai hupita nyuzi 40. Mita 500 za kuburuta masanduku mawili kwenye jua hilo si sawa na mita 500 za Mtaa wa Msimbazi asubuhi. Anayetaka kunufaika na metro achague hoteli iliyo jirani kabisa na kituo, la sivyo atashuka kwenye treni ya dirham 3 na kuita teksi.

TEKSI: WATU WANGAPI?

Teksi rasmi za Dubai zina rangi ya maziwa na paa la rangi, na hutumia mita. Hakuna kupatana. Zipo pia za paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia. Mita ya teksi iliyopandwa uwanjani huanza na dirham 25, kisha huongezeka kwa dirham 2 na ushei kila kilomita, kutegemea bei ya mafuta. Safari ya kilomita 7 hadi Naif hufika karibu dirham 40.

Kwa mtu mmoja, hizo ni zaidi ya mara 4 ya gharama ya metro pamoja na kadi. Lakini tuchukue mfano wa wafanyabiashara 4 waliopanda ndege moja. Wakichangia teksi, kila mmoja atatoa dirham 10, yaani dirham 1 tu zaidi ya safari ya kwanza ya metro, na atashushwa karibu na mlango. Kizuizi ni buti: gari dogo halimezi masanduku 8. Ndiyo maana wazoefu huondoka Dar na begi tupu ndani ya begi jingine. Wanakwenda na mabegi machache na kurudi na mengi.

Safari ya kurudi ina bei tofauti. Teksi iliyosimamishwa mtaani haianzi na dirham 25. Mita huanza na dirham 5 mchana, ikiwa na kiwango cha chini cha nauli. Kilomita zile zile 7 zinaweza kugharimu karibu dirham 20, nusu ya bei ya kuja. Kwa hiyo mgeni mwenye begi moja anayeshuka mchana anaweza kuja kwa metro akiwa mwepesi na kurudi kwa teksi akiwa mzito. Kwa mizigo ya biashara, mpangilio huo ndio wenye mantiki.

SHIMO KUBWA NI DIRISHA LA FEDHA

Wapo wanaobishana juu ya dirham 30 za tofauti ya teksi na metro, huku wamepoteza nyingi zaidi hatua chache kabla ya kutoka nje. Tangu mwaka 1997 dirham imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha dirham 3.6725. Haipandi wala haishuki. Hivyo kila anayebadilisha dola ana kipimo mkononi: chochote kilicho chini ya 3.67 ni malipo ya mwenye dirisha.

Tuseme dirisha la uwanjani linatoa 3.50. Kwa dola 1,000, mteja amepoteza zaidi ya dirham 170, ambazo ni teksi 4 za kwenda Naif. Kilicho salama ni kubadilisha kiasi kidogo cha nauli na chakula cha usiku huo, na kuacha fedha ya mzigo hadi kesho yake, katika maduka ya fedha ya Deira yanayoshindana mlango kwa mlango.

HOTELI YA BEI RAHISI

Bei ya chumba nayo ina mtego. Hoteli za Dubai huongeza ada ya huduma asilimia 10 na ada ya manispaa asilimia 7. Tangu Machi 2014 ipo pia ada ya utalii ya kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kila usiku, kutegemea daraja la hoteli, na tangu Januari 2018 kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Chumba kilichotangazwa dirham 150 bila nyongeza hizo, katika hoteli ya ada ya utalii ya dirham 10, hufikia takribani dirham 193. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja: bei hii imejumlisha kila kitu?

Wengine hukimbilia Sharjah, ambako vyumba ni nafuu. Teksi ya Dubai inayovuka kwenda Sharjah huongeza dirham 20 juu ya mita, bila kuhesabu msongamano wa jioni. Anayerudi na mizigo kila siku kwa siku 4 amelipa dirham 80 za kuvuka mpaka tu. Chumba cha Sharjah kikiwa nafuu kwa dirham 20 kwa usiku, hakuna alichookoa, ila amepoteza saa za soko.

MZIGO WA KURUDI

Tangu Machi 2017 uwanja wa Dubai haupokei begi lisilo na angalau upande mmoja bapa. Mzigo wa duara au uliofungwa ovyo hukataliwa, na mwenyewe hutakiwa kuufunga upya kwa malipo. Hapo ndipo shangazi kaja lililovimba linapogeuka deni. Begi lolote lisipite kilo 32 hata kama tiketi inaruhusu jumla kubwa zaidi. Boksi gumu la pembe nne, lililopimwa hotelini kabla ya teksi kuitwa, hupita bila maneno. Kinachozidi kipelekwe kwa mawakala wa kago, kwa meli kama hakina haraka.

Jumla yake ni hii. Mgeni aliyeteremka usiku peke yake, akabadilisha dola 1,000 kwa 3.50 na kuchukua teksi, ametumia zaidi ya dirham 210 kabla ya kuona kitanda. Aliyetua mchana, akabadilisha dola 50 dirishani kwa kiwango hicho hicho na kupanda metro, ametumia kama dirham 18. Tofauti inapita dirham 190, takribani dola 52. Kwa mwenye mtaji mkubwa hiyo ni chenji. Kwa aliyekopa ili asafiri, ni fedha ambayo riba yake inaanza kuhesabiwa usiku ule ule.

GHARAMA KWA UFUPI (dirham, uwanjani hadi Deira)
Metro, mara ya kwanza pamoja na kadi: 9
Metro, safari inayofuata: 3
Teksi kutoka uwanjani, kilomita 7: karibu 40
Teksi hiyo kwa watu 4, kila mmoja: karibu 10
Teksi ya kurudi kutoka mtaani: karibu 20
Kubadilisha dola 1,000 kwa 3.50: hasara zaidi ya 170