Kibali cha Kupiga Filamu Mahali pa Umma

Mtayarishaji mwenye bajeti ndogo aweza kupoteza fedha za siku nzima akizuiwa kupiga filamu sokoni au stendi, ilhali amekwisha kulipia waigizaji, usafiri na vifaa vya kukodi.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 yamtaka anayetengeneza filamu ya kuoneshwa hadharani apate kibali kwanza. Maombi hupelekwa Bodi ya Filamu Tanzania, yakiambatana na muswada wa filamu.

Kibali hicho hakiondoi haja ya ridhaa ya msimamizi wa mahali: halmashauri kwa soko lake, TANAPA kwa hifadhi ya taifa. Polisi wajulishwe mapema iwapo bunduki bandia au sare za askari zitatumika, wapita njia wasije wakadhani ni tukio la kweli.

Lipa ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Usimkabidhi mtu fedha mkononi kwa ahadi ya kukuharakishia. Tunza stakabadhi, nenda na nakala za vibali eneo la kazi, na usilipe malipo ya awali ya vifaa kabla kibali hakijatoka.